Barua ya Mjumbe na Kufuli la Tovuti

Kama umewahi kwenda kufungua akaunti ya benki hapa Dar es Salaam, unajua kitu utakachoambiwa ukalete: barua ya serikali ya mtaa. Basi unarudi zako Buguruni au Tandale, unamtafuta mjumbe, mjumbe anakuuliza unakaa nyumba ya nani, anakuandikia kikaratasi, unakipeleka ofisi ya mtaa, huko wanakuandikia barua yenyewe, wanabandika picha yako na kugonga muhuri, nusu juu ya picha, nusu juu ya karatasi. Benki wanaipokea. Hawamjui mjumbe wako, hawajawahi kufika kwenu, ila muhuri ule wanautambua, na hilo linawatosha.

Sasa hebu tuulizane: barua ile inasema nini hasa? Inasema kwamba fulani, mwenye sura hii, anakaa mtaa huu. Basi. Haisemi kwamba fulani ni mwaminifu, wala kwamba analipa madeni yake. Matapeli wangapi wa mji huu wanatembea na barua safi za mtaa mifukoni! Lishike hilo, tutalirudia.

Mimi sikuwa na sababu ya kufikiria habari za mihuri mpaka ilipotokea ile ya tovuti yetu. Sisi ni kikundi cha waandishi chipukizi, tunakutana Jumamosi, tuna tovuti ya kuwekea mashairi na hadithi kabla hazijaingia kwenye toleo la karatasi. Tovuti ile haikuwa na cheti cha usalama. Kila aliyeifungua kwa simu alikutana na onyo kwamba si salama, na sisi tukawa tunacheka: ati nani ataiba shairi?

Kumbe. Kulikuwa na dada mmoja, mwanachuo, aliyekuwa akituandikia kwa jina la bandia. Akatuma hadithi ya mambo ya nyumbani kwao, mambo mazito, kupitia ile fomu ya tovuti. Kabla hatujaichapa, hosteli nzima ilikuwa inaijua. Kijana mmoja aliyekuwa akitumia mtandao uleule wa hostelini, ule wa hewani usio na neno la siri, alikuwa na programu ya kunasa kila kinachopita, na fomu yetu ilikuwa inasafirisha maneno ya dada yule wazi kama postikadi. Mwenyewe alikiri, tena akicheka. Dada akatuomba tuifute hadithi. Tukaifuta.

Jumamosi iliyofuata mweka hazina akaja na ankara kutoka kwa yule anayetuwekea tovuti kwenye seva yake. Vyeti vya aina tatu: cha chini shilingi 45,000 kwa mwaka, cha kati 180,000, cha juu 390,000. Na maneno ya muuzaji: mkitaka watu wawaamini kweli, chukueni hiki cha juu. Mfukoni tulikuwa na 412,000, fedha za mtambo wa kuchapia toleo. Nusu ya kikundi, kwa aibu ya yaliyotokea, wakataka tulipe tu cha juu yaishe. Mimi nikaomba wiki mbili. Nilitaka kujua kwanza hivi vyeti vimetoka wapi, nani alianza kuviuza, na anayelipa zaidi anapata nini zaidi.

*

Hadithi inaanza mbali kidogo, mwaka 1976, Whitfield Diffie na Martin Hellman walipochapisha Marekani makala iliyogeuza elimu ya maandishi ya siri. Kabla yao, watu wawili wakitaka kuandikiana kwa siri ilibidi kwanza wakutane wapeane ufunguo mmoja. Wao wakasema ufunguo unaweza kuwa jozi, mmoja wa hadharani na mwingine wa siri. Chukua mfano wa mtu anayegawa makufuli yaliyo wazi mtaani, bure, kwa yeyote. Ukitaka kumpelekea kitu unatia sandukuni, unabana kufuli lake, unatuma. Kulibana kila mtu anaweza, kulifungua ni yeye tu mwenye ufunguo nyumbani. Mwaka uliofuata Rivest, Shamir na Adleman wa MIT wakapata hesabu ya kuifanya kazi hiyo, na herufi za kwanza za majina yao, RSA, ndizo zilizobaki kuwa jina lake.

Safi. Ila kuna tundu. Nitajuaje kwamba kufuli nililopewa ni la kwako, si la mhuni aliyesimama katikati ya njia anayegawa makufuli yake kwa jina lako? Diffie na Hellman walifikiria daftari moja kubwa la wote, mfano wa kitabu cha simu. Aliyekuja na njia nyepesi zaidi alikuwa mwanafunzi. Loren Kohnfelder, katika tasnifu yake ya shahada ya kwanza pale MIT mwaka 1978, alisema hivi: badala ya kila mtu kwenda kuuliza daftarini kila mara, mwenye daftari aandike kikaratasi, kwamba kufuli hili ni la fulani, akitie sahihi, na fulani atembee nacho mwenyewe. Kikaratasi hicho akakiita cheti. (Wale mnaolalamika kwamba tasnifu zenu hazitasomwa na mtu zaidi ya msimamizi, someni tena sentensi hiyo.)

Umeona sasa? Ni barua ya mjumbe kabisa. Na kama barua ya mjumbe, ilihitaji mtu wa kuandika na benki ya kuitambua.

*

Benki ikaja mwaka 1994. Kampuni changa ya Netscape, California, ilitoa kivinjari kilichosambaa kwa kasi, na wakubwa wake wakaona kwamba mtandao hautakuwa soko mpaka mtu aweze kuandika namba ya kadi yake ya benki bila kuogopa. Wakabuni utaratibu wa kufunga mawasiliano walioupa jina la SSL. Toleo la kwanza halikutolewa nje, lilikuwa na mapungufu. La pili likatoka mwaka 1995, la tatu mwaka 1996. Mwanasayansi wao mkuu, Taher Elgamal, ni mzaliwa wa Misri, na hadi leo wengi humwita baba wa SSL. Lakini msidhani mambo yalikuwa shwari. Septemba 1995 vijana wawili wa chuo kikuu cha Berkeley, Ian Goldberg na David Wagner, waligundua kwamba namba ambazo Netscape ilidai inazichagua kwa bahati nasibu zilitokana na saa ya kompyuta na vitu vingine vinavyokisika. Ukijua saa, umekaribia kujua ufunguo. Kufuli lilikuwa imara, lakini ufunguo ulifichwa chini ya mkeka.

Hapo ndipo Netscape walipofanya uamuzi ambao tunaishi nao mpaka leo. Ndani ya kivinjari waliweka orodha ya watoa vyeti ambao mihuri yao itakubaliwa. Ukija na cheti chenye muhuri ulio kwenye orodha, unapita kimya kimya. Ukija na kingine, msomaji anapigiwa kelele za hatari. Mwaka huohuo wa 1995 kampuni ya RSA Data Security ilizaa kampuni nyingine, VeriSign, kwa ajili ya biashara hii. Fikiria utamu wake: unauza karatasi isiyo na karatasi, inayokwisha muda kila mwaka, na asiyenunua kwako au kwa wenzako wachache anaonekana mbele ya wateja wake kama mwizi.

Sasa nifike nyumbani kwetu Afrika, manake hapa wengi tunasimuliwa kana kwamba yote yalifanyika California.

Mwaka 1995 palikuwa na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cape Town, akisomea biashara, jina lake Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Welkom mwaka 1973. Alianzisha kampuni akaiita Thawte, ofisi yake ya kwanza ikiwa gereji ya wazazi wake. Wakati huo sheria za Marekani zilihesabu programu za maandishi ya siri karibu sawa na silaha. Kilichoruhusiwa kuuzwa nje kilikuwa kimepunguzwa makali, ufunguo wa biti 40 tu, na Agosti 1995 Mfaransa Damien Doligez alikwishaonyesha kwamba ufunguo wa namna hiyo unavunjika kwa siku 8. Yaani Mmarekani alikuwa na kufuli la chuma, sisi wengine tunauziwa la bati. Shuttleworth alikuwa nje ya mkono wa sheria ile. Aliweza kuuza usalama kamili kwa yeyote duniani, na vyeti kwa bei ya chini kuliko VeriSign. Akapigana mpaka Netscape na Microsoft wakaiingiza Thawte kwenye orodha zao.

Nimekaa na jambo hili siku kadhaa. Kijana wa Cape Town, mwaka mmoja tu baada ya uchaguzi wa 1994, anakuwa mjumbe anayewaandikia barua wafanyabiashara wa dunia nzima, na vivinjari vya Wamarekani vinautambua muhuri wake. Tena huo muhuri haukuwa na jengo la ghorofa nyuma yake. Ulikuwa na gereji, na kazi ya kukagua nyaraka za wateja mmoja baada ya mwingine.

Desemba 1999 VeriSign ikamnunua kwa hisa za thamani ya dola milioni 575. Aliwapa wafanyakazi wake, hadi wafagizi, randi milioni moja kila mtu. Aprili 2002 akapanda chombo cha Warusi cha Soyuz akaenda anga za juu, na mwaka 2004 akaja na Ubuntu, ule mfumo wa kompyuta wa bure ambao baadhi yenu mmeutumia vyuoni, wenye jina la Kiafrika ambalo sisi tungesema utu. Mambo ya kupendeza. Ila upande wa mteja, hesabu ilikuwa nyingine. Mshindani mkubwa wa VeriSign alikuwa amekuwa mali ya VeriSign. Mwaka 2006 ikamnunua na mwingine, GeoTrust, kwa dola milioni 125. Ukienda sokoni unaona meza tatu zenye vitambaa vya rangi tatu, unapatana bei huku na huku ukidhani unawagombanisha wauzaji, kumbe mwenye mali ni mmoja.

*

GeoTrust ndiyo iliyoleta, mwanzoni mwa miaka ya 2000, cheti cha bei nafuu ambacho kompyuta yenyewe inakitoa. Haulizwi mtu leseni wala anwani. Inaangaliwa tu kama unaitawala tovuti yenye jina hilo, basi, unapewa. Ndicho kile cha 45,000 kwenye ankara yetu. Wauzaji wakubwa wakaona bei inaporomoka, nao mwaka 2007, kwa makubaliano na watengeneza vivinjari, wakaleta cheti cha juu. Huyu wa juu anakaguliwa kwelikweli: usajili wa kampuni, anwani, simu. Na zawadi yake ilikuwa rangi. Jina la kampuni lilitokea kwa kijani pale juu kwenye kivinjari, na watu wakafundishwa kwamba kijani maana yake usiogope.

Lakini nisiwe mbaya kupita kiasi kwa wauzaji. Wakati huohuo tovuti nyingi kubwa hazikuwa na kufuli kabisa nje ya ukurasa wa malipo, na hilo lilikuwa baya zaidi. Oktoba 2010 Mmarekani Eric Butler alitoa Firesheep, kijiprogramu cha bure kilichomwezesha mtu yeyote aliyekaa kwenye mgahawa wenye mtandao wa hewani kuingia kwenye akaunti za jirani zake kwa kubonya picha zao. Alikitoa makusudi ili kampuni zione aibu. Nilipokisoma nilimkumbuka yule jamaa wa hosteli. Hata hakuhitaji akili nyingi.

Na Tunisia ndiko lilikoacha kuwa jambo la aibu likawa la hatari. Mwishoni mwa mwaka 2010, maandamano yalipopamba moto, ukurasa wa kuingilia Facebook ulikuwa unafika kwa Watunisia bila kufungwa, na njiani, ndani ya mitambo ya mawasiliano ya nchi, ulikuwa unapachikwa mistari michache ya programu ya kunakili maneno ya siri. Kurasa za wanaharakati zikaanza kutoweka. Januari 2011 Facebook ikawahamisha Watunisia wote kwenye njia iliyofungwa kwa kufuli. Tarehe 14 mwezi huo Ben Ali akakimbia nchi. Sisemi kufuli ndilo lililomkimbiza. Nasema kulikuwa na vijana kule waliokuwa wakiandika usiku, na kati yao na polisi palikuwa pamebaki hesabu ile ya 1977.

*

Basi na wale wa kwenye orodha, je? Wao waliitunza mihuri?

Palikuwa na kampuni ya Uholanzi, mji wa Beverwijk, ikiitwa DigiNotar. Hii haikuwa ya gereji. Serikali ya Uholanzi yenyewe iliitumia kwenye huduma zake kwa wananchi. Katikati ya mwaka 2011 mdukuzi aliingia kwenye mitambo yake akajigongea vyeti alivyotaka. Tarehe 10 Julai kikatoka cheti cha Google, chenye muhuri halali, mikononi mwa mtu asiyehusika kabisa na Google. Tarehe 19 Julai DigiNotar wakagundua wameingiliwa. Wakafuta baadhi ya vyeti, wakanyamaza. Agosti nzima wakanyamaza.

Aliyeibua ni mtumiaji mmoja wa kivinjari cha Chrome nchini Iran, mwishoni mwa Agosti. Google walikuwa wamekifundisha Chrome kutambua vyeti vyao halisi, kikagoma, mtu yule akauliza hadharani kulikoni. Walipokuja wakaguzi wa kampuni ya Fox-IT walihesabu vyeti 531 vya uongo. Cheti kile cha Google kilikuwa kimetumika dhidi ya anwani za mtandao zipatazo 300,000, karibu zote za Iran. Watu waliodhani wanasoma barua zao kwa siri, kufuli likionekana sawasawa, walikuwa wanasomewa. Na ndani ya DigiNotar wakaguzi wakakuta neno la siri dhaifu, programu zisizosahihishwa, na seva za vyeti zisizo na hata kinga ya virusi. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Septemba, waziri Piet Hein Donner ikabidi awaite waandishi wa habari kuwaambia Waholanzi kwamba tovuti za serikali yao haziwezi tena kuhakikishwa. Vivinjari vikaitoa DigiNotar kwenye orodha. Tarehe 20 Septemba ikatangazwa kufilisika.

Tatizo hili halikuwa la Uholanzi peke yake. Kila aliyemo kwenye orodha anaweza kugonga muhuri kwa jina lolote duniani. Ni kama mjumbe wa Buguruni kuruhusiwa kuandika barua ya mkazi wa Oysterbay, wa Mwanza, wa Tehran, na benki zote zikaikubali. Huhitaji kumhonga mjumbe hodari. Mtafute mlegevu kuliko wote, na uaminifu wa orodha nzima unashuka mpaka pale alipo yeye. Kwa hiyo hata ukilipa laki tatu na tisini kwa mtoa cheti bora kabisa, hujamzuia yule mlegevu kuandika barua nyingine kwa jina lako.

Dawa iliyofuata haikuwa cheti cha bei kubwa zaidi. Ilikuwa daftari la wazi: wahandisi wa Google walipendekeza kila cheti kinachotolewa kiandikwe kwenye madaftari ambayo yeyote anaweza kuyasoma, na tangu 2018 Chrome hukidai jambo hilo kwa kila cheti kipya. Sasa ukigongewa cheti cha uongo kwa jina lako, unaweza angalau kukiona.

Daftari hilo liliwanasa wakubwa. Biashara ya vyeti ya VeriSign, pamoja na Thawte na GeoTrust ndani yake, ilinunuliwa na Symantec mwaka 2010 kwa dola bilioni 1.28. Mwaka 2015 Google wakaona daftarini vyeti vya majina yao walivyotoa Symantec bila idhini, ati vya majaribio. Mwaka 2017 yakaibuka mengine. Symantec ikaiuza biashara kwa kampuni ya DigiCert, na Oktoba 2018 Chrome ikaacha kuitambua mihuri yake ya zamani. Ndiyo, na ile iliyoanzia kwenye gereji ya Cape Town ilikuwa humo. Kila tovuti iliyokuwa imelipia ikabidi ikatafute barua nyingine.

*

Turudi kwenye rangi ya kijani, kwani ndiyo tuliyokuwa tunauziwa.

Desemba 2017 mtafiti Ian Carroll alisajili kampuni katika jimbo la Kentucky akaiita Stripe, Inc. Kuna kampuni kubwa sana ya malipo yenye jina hilohilo, imesajiliwa Delaware. Sheria inaruhusu, majimbo ni tofauti. Akaomba cheti cha juu, akakaguliwa, akapewa. Kivinjari kikaandika jina lile kwa kijani, halali kabisa. Gharama zote hazikufika dola 180, na kati ya hizo dola 100 zilikuwa za usajili wa kampuni. Hakumdanganya mtu. Mjumbe aliandika ukweli mtupu, kwamba fulani anakaa hapa, na ukweli ule ulitosha kumtapeli yeyote.

Mwaka 2019 Chrome na Firefox vikaiondoa ile alama ya kijani. Watengenezaji walikuwa wameona kwamba watu hawaiangalii, na wanaoiangalia hawajui inasema nini. Leo tovuti yenye cheti cha laki tatu na tisini na yenye cheti cha bure zinatokea mbele ya msomaji sawasawa. Na ufungaji wa maneno njiani ni uleule, hesabu ileile.

Nimesema cha bure. Mwaka 2013 wahandisi kadhaa, wakiwemo Josh Aas na Eric Rescorla wa Mozilla, Peter Eckersley wa shirika la EFF na Profesa Alex Halderman wa Michigan, waliunda taasisi isiyo ya biashara. Walichojiuliza ni hiki: kama kompyuta ndiyo inayokagua, na kompyuta ndiyo inayotoa, mteja analipia nini? Mradi wao wa Let's Encrypt ulitoa cheti cha kwanza Septemba 2015 na kufunguliwa kwa watu wote Desemba mwaka huo. Cheti kinaishi siku 90, programu inakihuisha yenyewe. Kufikia Juni 2017 walikuwa wametoa milioni 100, na Februari 2020 wakafika bilioni moja. Kati ya tarehe hizo mbili, kurasa zinazofunguliwa kwa njia yenye kufuli zilipanda kutoka asilimia 58 hadi 81 duniani. Eckersley alifariki Septemba 2022, na nina hakika wengi wanaomtegemea kila siku hawajawahi kulisikia jina lake.

Ule muda mfupi mwanzoni uliwaudhi watu. Sasa umekuwa njia ya wote: Aprili 2025 watoa vyeti na watengeneza vivinjari walipiga kura kwamba umri wa juu wa cheti ushuke kwa ngazi, siku 200 kuanzia Machi 2026, 100 kuanzia Machi 2027, na 47 kuanzia Machi 2029. Barua ya zamani ni hatari, manake mtu huhama nyumba. Kwa hiyo hata anayelipa itabidi aiachie programu kazi ya kuhuisha.

*

Niliyaleta haya kwenye kikao. Hawakunisikiliza kwa utulivu, msidhani. Mwenzetu mmoja akasema cha bure ni cha bure, mbona dawa za bure hospitalini huwa zimekwisha? Nikamwambia kitu kimoja alichopaswa kujua ni kwamba cheti hata kiwe cha dhahabu kisingezuia mtu kuingia kwenye tovuti yetu kwa mlango wa mbele, kwani neno letu la siri lilikuwa jina la kikundi na mwaka tulioanza, na watu sita tulikuwa nalo, wawili kati yao walishahama kikundi. Kimya. Tukalibadilisha palepale.

Benki au kampuni ya bima ikitaka kulipa kwa ajili ya ukaguzi wa ziada na mtu wa kumpigia simu saa nane za usiku, ni fedha yao na wana sababu zao. Sisi tulichokuwa tunakihitaji ni kwamba anayeandika kwenye fomu yetu akiwa hosteli asisomwe na jirani. Tukapiga kura, tisa kwa wawili, cheti cha bure.

Mwenye seva alipoambiwa akasema mfumo wake hauruhusu vyeti vya bure. Tukamjibu kwa heshima kwamba basi tutahama mwisho wa mwezi. Siku mbili baadaye akapiga simu: kumbe kuna kitufe, alikuwa hajakiona.

Cheti kilitoka saa nne usiku wa Alhamisi, kwa dakika moja hivi, bila shilingi. Mweka hazina aliuliza kama tunaweza kukichapa tukibandike ukutani pamoja na cheti cha usajili wa kikundi. Tukamwambia kwamba baada ya siku 90 itabidi abandike kingine, akaacha. Zile 412,000 zilikwenda mtamboni, na toleo ulilolishika ndilo.

Yule dada tulimwandikia pia. Tulimweleza kilichotokea, kwamba kosa lilikuwa letu, na kwamba fomu sasa imefungwa. Ujumbe umesomwa. Hajajibu.